Ruzuku ya mageuzi ya kidijitali kiwandani: uzoefu wangu

Mshauri aliyeletwa na mpango wa ruzuku alishinda kiwandani kwetu asubuhi nzima bila kumsemesha fundi wa mashine ya kukereza vyuma. Fundi, ambaye kwa umri angeweza kumzaa, alimsogelea kwa adabu na kumweleza kwamba mashine ile, ijapokuwa kuukuu, hutoa data zake kwa itifaki ya Modbus, yaani kanuni za mawasiliano ya mashine za viwandani zilizoanza kutumika mwaka 1979, na kwamba kebo pamoja na kompyuta ndogo vingetosha kuzisoma. Mshauri hakuinua hata macho kutoka kwenye tableti: “Mzee, endelea na kazi yako, haya tuachie sisi.”

Walichotufanyia ni kujaza fomu inayouliza idadi ya kompyuta, leseni za programu na mashine mpya zitakazonunuliwa kwa wauzaji walioidhinishwa. Hapakuwa na nafasi ya kuandika mashine iliyopo tayari, wala fidia ya saa ambazo fundi ataacha uzalishaji ili ajifunze mfumo. Hata faharasa ya Singapore ya mwaka 2017, inayopima utayari wa viwanda kwa mageuzi ya kidijitali, huangalia michakato na mpangilio wa taasisi sambamba na teknolojia. Hawa waliona vifaa tu.

Kwa haki, fedha zililipwa kama zilivyoahidiwa, na vihisi vya umeme vimetuonyesha kwamba kompresa yetu ilikuwa ikinguruma usiku kucha bila kazi yoyote. Kwa hilo peke yake nilikuwa tayari kuusifu mpango huu.

Hata hivyo, tulipoomba kumbukumbu za saa za kazi za mashine zetu wenyewe, muuzaji alitutaka tulipie sehemu nyingine ya programu. Sheria ya Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutekelezwa Septemba 2025, inampa mtumiaji wa kifaa kilichounganishwa haki ya kupata data zinazotokana na matumizi yake. Pasipo na sheria ya namna hiyo, ni nani aliyewazuia wenye ruzuku kuliweka sharti hilo katika mikataba ya wauzaji wao? Badala yake, ripoti yao inaihesabu mashine ya kukereza kuwa “imeunganishwa”, kwa sababu mlangoni pake pamebandikwa kihisi kinachotuarifu kwamba mlango umefunguliwa. Mlango!

Simshauri mwenye mashine za zamani aombe ruzuku hii kabla haki ya data haijaandikwa katika mkataba. Sisi tuliomba kifungu hicho kiongezwe na hatukujibiwa. Pamoja na hayo, dirisha la maombi likifunguliwa tena huenda nikaomba, maana benki hukopesha kwa dhamana ya mashine, si kwa programu na mafunzo visivyoweza kuwekwa rehani, na wanaogawa ruzuku wanajua vizuri kwamba hatuna pengine pa kwenda.