The Interrupters: "Fight the Good Fight" au "In the Wild"?

Kila tukikutana Kisenyi, Kampala, ubishi kuhusu The Interrupters, bendi ya Marekani inayochanganya ska na punk, ni uleule: albamu ipi kali, "Fight the Good Fight" (2018) au "In the Wild" (2022)? Kwa mwendo, ya 2018 haina mpinzani. Aliyeitayarisha ni Tim Armstrong wa bendi ya punk Rancid, na inasikika: gitaa linakwaruza katikati ya mapigo, ngoma zinakimbia, hata foleni ya Jinja Road unaisahau. Kwa maneno, mimi niko na ya 2022. Waliirekodia gereji ya nyumbani, na Aimee, mwimbaji wao, anasimulia maisha yake bila kuficha makovu. Mara ya kwanza niliiona imepoa. Nilikosea.

Ukiwa na wenzako na spika kubwa, piga ya 2018. Umeme umekatika na uko peke yako? Ile nyingine, taratibu.