SNAP, msaada wa chakula wa Marekani: kadi nzuri, karatasi zinachosha

Kadi yenyewe haina lawama. Unaipitisha kwenye mashine, unabonyeza namba ya siri, na mchele, maharage, samaki, unga, hata mbegu za mchicha vinalipika. Sabuni na nepi hapana. Kuku wa kuchoma hanunuliki akiwa wa moto. Yuleyule akishapoa na kuwekwa kwenye friji ananunulika, ajuaye mantiki ya hapo atueleze. Kazi ipo kabla ya kuishika kadi.

Kubwa kwa Waswahili wa huko, hasa Wakongomani waliotoka makambini, ni sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025. Iliwatoa kwenye SNAP wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawana grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Mkimbizi akishaipata anastahili papo hapo. Hasubiri ile miaka 5 wanayosubiri watu wazima wengi wenye grinikadi. Mzazi asiyestahili bado anaweza kuwaombea watoto waliozaliwa Marekani, ila kipato chake kitahesabiwa.

Kwa kaya ya watu 4, kiwango cha juu cha kipato cha taifa hadi Septemba 2026 ni dola 3,483 kwa mwezi kabla ya makato, na msaada wa juu kabisa ni dola 994. Majimbo mengi yamepandisha kiwango cha kipato. Kaya ni wanaonunua na kupika pamoja. Binamu anayepika kivyake usimwandike kwenye fomu yako. Mwanao wa chini ya miaka 22 anayekaa kwako yumo, hata kama ana sufuria yake.

Sasa kazi, ambako wengi hukatwa msaada. Kuna masharti mawili na watu huyachanganya. La kwanza ni la miaka 16 hadi 59: ujiandikishe kwa ajili ya kazi, usikatae kazi inayokufaa, usiache kazi bila sababu ya msingi. La pili ni kali zaidi: mwenye miaka 18 hadi 64, mzima wa afya, asiyeishi na mtoto wa chini ya miaka 14, lazima afikishe saa 80 kwa mwezi. Asipofikisha, anapata msaada wa miezi 3 tu ndani ya miaka 3. Kazi ya mshahara, ya kujitolea na mafunzo yanayokubalika vinajumlishwa. Kuzunguka kutafuta kazi peke yake hakutoshi.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha: anayeingiza angalau dola 217.50 kwa wiki kabla ya makato amesamehewa yote mawili, hata saa zake zikiwa chache. Kwa malipo ya dola 15 kwa saa, saa 15 za wiki zinatosha. Vibarua wa maghala na viwanda vya nyama, ambao saa zao hupanda na kushuka, wapeleke karatasi za mshahara zinazoonyesha pesa, si saa peke yake. Asiyeweza kufanya kazi kwa ugonjwa wa mwili au akili amesamehewa pia, na mjamzito amesamehewa sharti la pili. Barua ya daktari iseme waziwazi kwamba hawezi kazi, maana jina la ugonjwa tu huacha swali. Aliyekwisha kukatwa hurudi kwa kufanya saa 80 ndani ya siku 30.

Ombi hujibiwa ndani ya siku 30, au 7 kama kipato cha mwezi hakifiki dola 150 na akiba haizidi dola 100. Mahojiano mara nyingi ni ya simu, na namba usiyoijua usipoipokea, ombi linakwama. Piga mwenyewe upange siku nyingine. Mkalimani ni bure. Usimtumie mtoto, na mkalimani wa Kiswahili cha pwani akimchanganya bibi wa Uvira, Kongo, omba mwingine. Uamuzi mbaya unakatiwa rufaa ndani ya siku 90, lakini ukiwahi kabla ya tarehe ya kukatwa unaweza kuendelea kupokea wakati shauri linasikilizwa. Ukishindwa, utazirudisha pesa hizo.

Doa baya zaidi ni wizi. Wezi hunakili kadi kwenye mashine za dukani, na pesa zilizoibwa baada ya tarehe 20 Desemba 2024 serikali kuu hairudishi. Badilisha namba ya siri kila mwezi, siku moja kabla ya pesa kuingia, na kama jimbo lako lina programu ya kufunga kadi kwa simu, iache kadi imefungwa na uifungue ukiwa kwenye foleni tu.