Chati ya vikundi tendaji: nzuri kwa macho, ketoni yake balaa

Nimeinunua juzijuzi duka moja la vitabu karibu na Marikiti, chati ya ukutani ya vikundi tendaji, yaani zile sehemu za molekuli zinazoipa tabia yake ya kikemia, ya binti yangu aliye kidato cha nne. Karatasi nzito, ina plastiki juu, rangi zinavutia. Hapo sina neno.

Tumeitundika, mtoto akaanza kunakili. Kufika kwenye ketoni, kimojawapo cha vikundi hivyo, akaniita. "Mama, mbona hii ina haidrojeni?" Nikasogea. Kweli bwana: kaboni, mistari miwili kwenda kwa oksijeni, upande mmoja CH3, upande wa pili H. Hiyo ni ethanali, aldehaidi kabisa, yaani kikundi ambacho kaboni yenye oksijeni imeshika pia haidrojeni! Ketoni ile kaboni yake hushikwa na kaboni wenzake huku na huku, kama propanoni tunayotolea rangi ya kucha, ndiyo maana haiwezi kuwa na kaboni chini ya tatu. Nikatazama kisanduku cha juu, cha aldehaidi: mchoro uleule! Sasa mtoto akiulizwa propanali, ambayo ni aldehaidi, na propanoni, ambayo ni ketoni, na zote ni C3H6O, atatofautisha kwa lipi?

Nikairudisha. Kijana wa kaunta hata hakuitazama vizuri. "Mama, si herufi ni zilezile? C, H na O. Kwani wewe ni mwalimu?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikamwekea kidole palepale kwenye H. Akaikunja, akanisukumia, akanionyesha kibandiko: mali ikishauzwa hairudishwi. Kisha huyo, akamgeukia mteja wa madaftari, nami nimesimama. Wallahi afadhali angenitukana.

Nikisema haki, alkoholi iko sawa, kikundi cha amini kiko sawa. Kwenye COOH, kikundi cha asidi, wameandika siki pembeni, binti akashika mara moja, na esta wameonyesha vizuri ile oksijeni iliyokaa kati ya kaboni mbili. Nilitaka kuipa nyota tatu. Lakini nikikumbuka kile kicheko, ah! Moja. Na hiyo moja ni ya karatasi.

Ingawa bado iko ukutani, maana nyingine sijapata. Ketoni tumeibandika kipande cha karatasi na binti amechora upya, CH3 pande zote mbili. Basi labda ni mbili. Lakini kwa duka lile, hata nusu sitoi, na mkienda ikagueni hapohapo kaunta kabla hamjatuma pesa.