Taa za mkanda za LED: usianze na rangi, anza na adapta

Wadau mambo vipi, karibuni tena. Leo kabla sijaongea chochote naomba muangalie hii kona hapa juu ya kabati, ngoja nisogeze kamera... mnaona? Huu mkanda unaning'inia kama utumbo wa kuku. Niliubandika mwenyewe, nikapiga picha nikaweka stetasi, watu wakanisifia weee, wiki 2 baadaye nipo nakula wali usiku nasikia kitu kinanigusa shingoni, nikaruka na sahani ikaenda chini, nikajua nyoka. Kumbe taa.

Basi leo tunaongelea hizi hizi, taa za mkanda, zile unabandika nyuma ya TV au juu kwenye dari la jipsam afu unaziendesha kwa simu. Nimeshatumia aina 3 hapa nyumbani, zote nimenunua kwa hela yangu Kariakoo, hakuna aliyenilipa, kwa hiyo nitasema yote, ila majina ya maduka sitaji, tusije tukaitana polisi bure.

Unajua tunakosea wapi? Tunaanza na rangi. Unafika dukani kijana anawasha, zinakimbia nyekundu, bluu, zambarau, akiweka muziki nazo zinaruka, wewe umeshachanganyikiwa unatoa hela. Hakuna anayeuliza adapta, kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachoshusha umeme. Na mie kwenye hizi taa hakuna kitu kimenitesa kama adapta, kwa hiyo tuanzie hapo.

Boksi hili hapa. Ndani kuna mkanda mita 5, kontrola hii ndogo ya kubadilisha rangi, rimoti na adapta. Mkanda ni wa volti 12, taa zake ni zile wanaita 5050, yaani kila taa moja ina milimita 5 kwa 5. Sasa chukua rula, ndio, rula ya shule. Kwenye mkanda kuna alama za kukatia, hizi zenye vidoa vya shaba. Ukiona toka alama hadi alama kuna taa 3 na ni sentimita 5, huo una taa 60 kwa mita. Ukiona taa 3 hizo hizo zimechukua sentimita 10, huo ni wa 30 kwa mita, mwanga nusu. Boksi langu jingine liliandikwa taa 300, tukakaa na mdogo wangu sakafuni tukahesabu moja moja, 150. Tukarudia tukidhani tumekosea. 150.

Haya, mkanda wa taa 60 ukiuwasha rangi zote kwa nguvu yote unakula kama wati 14 kwa mita, mita 5 hapo ni wati 70 na kitu, gawanya kwa volti 12 unapata ampia 6. Geuza adapta tusome... volti 12, ampia 2. Ampia 2 jamani! Hiyo ni wati 24, halafu umeibebesha 70. Itawaka, sikatai, ila mwanga unakuwa wa kuomba omba na adapta inachemka huwezi kuishika, yangu ya kwanza ilianza kutoa harufu ya plastiki usiku nikaichomoa kwa kitambaa. Nikaenda kununua nyingine imeandikwa ampia 5, nyepesi kama ganda la yai, nikaipima kwa kipimo cha umeme huku taa zinawaka, volti 12 zikashuka mpaka 9. Stika haikatai, unaiandika unachotaka.

Kwa hiyo ukienda dukani piga hesabu ya wati za mkanda wako, ongeza asilimia 20 juu yake, ndio uchukue adapta. Huu wa wati 72 mie nimeuwekea ya ampia 8, ile ya bati yenye matundu, imefungwa ndani ya boksi lake mbali na pazia, na ile usijifunge tu mwenyewe kama hujui nyaya, upande wake mmoja ni umeme wa TANESCO kabisa wa volti 230, haina mchezo. Na muulize muuzaji kontrola inabeba ampia ngapi, maana unaweza ukaweka adapta nzuri afu kontrola ndio ikaungua.

Kama ni nyuma ya TV tu usijitese na haya yote. Chukua ile ya USB ya volti 5. TV ya inchi 43 mita 2 na nusu mpaka 3 zinatosha kuzunguka. Ila tundu la USB la TV nyingi linatoa nusu ampia, yaani wati 2 na nusu, ndio maana watu wanalalamika taa zao zimefifia. Chomeka kwenye kichwa cha chaji ya simu utaona tofauti.

Sasa wale wa dari zima. Chumba cha mita 3 kwa 4 ukizunguka ni mita 14, kwa hiyo mikanda 3. Msiunge mikanda yote 3 kichwa kwa mkia mkalisha umeme upande mmoja. Umeme wa volti 12 unachoka njiani, na taa ya bluu na ya kijani zinahitaji volti nyingi kuliko nyekundu, kwa hiyo zenyewe ndio zinaanza kuishiwa. Ukiweka rangi nyeupe unakuta mwanzo nyeupe safi, katikati inakuwa kama karatasi ya zamani, mwisho chai ya maziwa. Fundi wangu akaniambia mkanda ni mbovu nikanunue mwingine, kumbe dawa ilikuwa waya wa kawaida tu, unatoa kwenye adapta unapeleka umeme mpaka ule mwisho. Na ukipata mkanda wa volti 24 kwa dari, chukua huo, unavumilia umbali zaidi, ila hapo adapta na kontrola navyo viwe vya 24.

Aina. Haraka haraka. RGB ya kawaida, yaani nyekundu, kijani na bluu kwa herufi za Kiingereza, mkanda wote unakuwa rangi moja kwa wakati mmoja. Zile ambazo rangi zinatembea kama maji zina chipu ndani, mtasikia zinaitwa RGBIC au pikseli, bei juu, na ukikata vibaya kila kitu baada ya pale kinakufa. Na kama unataka mwanga mweupe wa kusomea, RGB usinunue, nyeupe yake ni ya kuchanganya rangi, inakufanya uonekane mgonjwa, tafuta yenye taa nyeupe kabisa pembeni, RGBW.

Tuje kwenye simu sasa, hapa ndio patamu. Kuna za blutuu na kuna za waifai. Hii ya blutuu niliinunua elfu 22, programu yake haiombi hata nywila, unafungua tu inashika. Nikafurahi, rahisi! Siku ya 3 tumekaa sebuleni na wageni, taa zikawa nyekundu. Nikaweka nyeupe. Zikawa kijani. Nikazima, zikawaka, zikaanza kupepesa kama disko, mgeni mmoja akaanza kusoma dua kimya kimya. Mie jasho. Kumbe dogo wa jirani, miaka 12, kapakua programu ile ile, na ukuta wetu ni mmoja, yupo kule kwao anacheka mpaka anaanguka kitandani.

Ya waifai nilichukua elfu 45, inaingia kwenye programu ya simu inaitwa Smart Life. Hii inataka akaunti na inataka waifai ya masafa ya gigahezi 2.4, ya 5 haiioni kabisa. Kama ruta yako ina majina mawili, unganisha simu kwenye lile la 2.4 kwanza ndio uongeze taa, nilipoteza jioni nzima nikidhani mbovu. Na kama nyumbani hamna ruta, mnatumia hotispoti ya simu ya baba, nawaambia ukweli msinunue ya waifai. Baba akitoka na simu, waifai imetoka naye, taa mnaangaliana tu. Chukueni yenye rimoti.

Kitu kingine hawakwambii. Umeme ukikatika ukarudi, baadhi zinawaka zenyewe, nyeupe, nguvu yote. Mama yangu alikuja toka Tanga, LUKU ikaisha usiku, nikaamka saa 9 kuingiza tokeni, sebule yote ikawaka kama sheli. Mama katoka na kanga yake na ndoo, anauliza mbona hamkuniamsha alfajiri. Kwenye programu kuna sehemu ya kuchagua taa zifanye nini umeme ukirudi, tafuta humo kwenye mipangilio ya kifaa, weka zibaki zimezimwa. Sio kontrola zote zina hiyo, muulize kabla hujalipa.

Na umeme wenyewe, kabla hamjaniuliza kwenye komenti. Mie nanunua uniti kwa shilingi 356 hivi. Mkanda wangu wa nyuma ya kabati nauwasha kwa nusu ya nguvu, tuseme wati 36, saa 5 kila jioni, kwa mwezi ni uniti 5 na kitu, kama shilingi 1,900. Pasi inakula zaidi.

Kubandika sasa, turudi kwenye yule nyoka wangu. Gundi ya nyuma ya mkanda sio mbaya, ubaya ni ukuta. Pitisha kiganja hivi ukutani... mnaona unga mweupe huu? Gundi inashika unga, haishiki ukuta, ongeza joto la Dar na unyevu, lazima idondoke. Pale kwenye rangi ya mafuta au mbao, futa na spiriti, subiri ikauke, bandika huku unakandamiza kidogo kidogo kwa kidole, usivute mkanda. Kwenye ukuta wa unga weka reli ya aluminiamu yenye kifuniko, inafungwa kwa skrubu, na inapoza taa pia. Wapangaji ombeni ruhusa kwanza, mie gundi iliondoka na rangi ya baba mwenye nyumba kipande kama chapati, na ananikumbusha mpaka leo kila nikipeleka kodi.

Kabla hujabandika jaribu kuwasha, ila fungua mkanda kwanza, usiuwashe ukiwa umeviringwa, unajipika wenyewe. Kwenye kona usiukunje kwa ubavu, uache upinde kidogo. Ukikata, kata juu ya alama katikati ya shaba, mie wa kwanza nilikata kwa macho, taa 2 za mwisho zikalala moja kwa moja. Ukiunga tena herufi zitazamane, R kwa R, G kwa G, ukigeuza utabonyeza nyekundu upate kijani.

Nikiambiwa nichague moja? Ya waifai, mkanda wa taa 60, adapta ninunue mwenyewe pembeni. Ile ya blutuu nilimpa dogo wa jirani, si alikuwa ameshajimilikisha. Ameibandika juu ya kitanda chake. Na programu yake sijaifuta, kwa hiyo usiku akianza kulala, mie huku kwangu namuwekea disko.