Visu vya kukunja vyenye majina makubwa: kipi bado kinastahili pesa yako?

Marehemu babu yangu alikuwa na kisu kimoja cha kukunja, mpini wa mti, bapa limekuwa jeusi kwa uzee. Alikimenyea machungwa, alikikatia kamba za mbuzi, alikichongea vigingi. Akimenya chungwa, ganda lilishuka utepe mmoja mrefu bila kukatika. Nilipoanza kupata pesa yangu nikanunua changu kwenye meza ya barabarani, kina jina kubwa kwenye bapa. Wiki ya pili bapa likawa linacheza kama jino bovu, na ncha ikavunjikia kwenye nazi. Nikasema wasemavyo wengi: hawa jamaa wameshuka. Miaka ilipita kabla fundi mmoja hajanionyesha kwamba kisu kile hakikuwahi kuuona mlango wa kiwanda hicho. Kilikuwa feki.

Tangu hapo kauli ya "visu vya siku hizi si kama vya zamani" siimezi hivihivi. Visu vibovu vya miaka ya 1960 vilishatupwa jalalani. Vilivyobaki mifukoni mwa wazee ni vile vilivyokuwa vizuri tangu mwanzo, tena vimenolewa miaka na miaka na mtu anayejua kunoa. Ukikiweka kimoja cha hivyo kando ya kisu kilichotoka kwenye boksi jana, kipya kitaonekana hovyo hata kama sivyo. Kwa hiyo mimi huuliza mambo yanayoshikika: jina ni la nani leo, kisu kinatengenezwa wapi, na chuma chake kimebadilika au la. Kwa kipimo hicho nimevipanga visu vitano, kuanzia kile ambacho ningemnunulia mwanangu.

1. Victorinox Pioneer

Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach, Uswisi, mwaka 1884, na mwaka 1891 akaanza kulipatia jeshi la nchi hiyo visu. Hadi leo visu hivyo vinatoka Ibach, na ukoo wa Elsener ndio unaoongoza. Mwaka 2005 kampuni ilimnunua mshindani wake Wenger, na kuanzia 2013 visu vya Wenger vikaingizwa chini ya jina la Victorinox. Waliokuwa wapenzi wa Wenger waliumia na ninawaelewa, lakini mnunuzi wa kawaida hakupoteza kitu.

Wapo wanaolalamika kwamba chuma chake ni laini. Ni kweli, makali yake hayadumu kama ya chuma ghali, ila kimekusudiwa hivyo: kinanoleka upesi mahali popote. Geuza kikombe cha kauri, tazama ule mduara wa chini usiong'aa. Pitisha makali pale taratibu, upande huu kisha ule, mara kumi kumi, na kisu kitakata nyanya mbivu bila kuiponda. Kwa sisi wa pwani kuna faida nyingine kubwa zaidi: hakishiki kutu kirahisi, hata ukiishi na upepo wa chumvi.

Nimetaja Pioneer makusudi badala ya vile vyekundu vinavyojulikana zaidi. Mipini ile ya plastiki imebanwa tu, na kisu kikiangukia sakafu ya saruji inaweza kupasuka. Pioneer ina mpini wa aluminiamu uliokazwa kwa ribiti, wenye vinundu vidogo vinavyoshika kiganja chenye jasho. Kikiwa kimekunjwa kina milimita 93. Ndani kuna bapa moja kubwa, kifungua kopo, kifungua chupa chenye bisibisi, na msharasi wa kutobolea ngozi au mkanda. Kwa maoni yangu ubora haujashuka.

2. Opinel namba 8

Hiki ndicho ninachokipenda kwa moyo, ingawa nimekiweka cha pili. Joseph Opinel alianza kukitengeneza Savoie, Ufaransa, mwaka 1890. Mwaka 1897 akakipangia saizi 12, namba 1 hadi 12. Namba 1 na 11 zimeshaachwa. Pete ya chuma inayozuia bapa lisikufungie kidole iliongezwa mwaka 1955, na mwaka 2000 ikarekebishwa ili ifunge hata kisu kikiwa kimekunjwa, kisijifungue mfukoni. Ukitafuta tofauti kati ya Opinel ya zamani na ya sasa, utakuta ya sasa ni salama zaidi.

Lawama nyingi juu ya kisu hiki, ukizichunguza, ni lawama juu ya mvua. Mpini wake ni wa mti, na mti hunyonya unyevu na kuvimba. Masika ikikolea, bapa linakwama ndani mpaka kucha inauma ukilivuta. Usilivute basi. Fungua pete, gonga kitako cha mpini mezani, bapa litachomoza lenyewe. Ndivyo wafanyavyo wenyeji wa Savoie. Kisha kiache wazi kivulini siku moja au mbili, utie mafuta kidogo kwenye maungio.

Kabla ya kulipa soma maandishi kwenye bapa. *Carbone*, yaani chuma cha kaboni, hukata vizuri sana na hunoleka haraka, lakini ukikatia embe au ndimu na kukiacha hivyo, asubuhi utakikuta na madoa ya buluu na meusi. *Inox*, yaani chuma kisichoshika kutu, haikusumbui. Anayepika kila siku na kufuta kisu kila mara achukue kaboni. Wengine wote wachukue inox.

3. Buck 110

Hapa ndipo ubishi ulipo mkali, na wanaobisha wana hoja. Hoyt Buck alianza kutengeneza visu Kansas, Marekani, mwaka 1902, na modeli 110 ikatoka mwaka 1964. Kwa miaka mingi bapa lake lilikuwa la chuma cha 440C. Mwaka 1981 wakahamia 425M, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaingia 420HC, ambacho kwenye karatasi ni chuma cha daraja la chini kuliko kile cha kwanza. Ukiishia hapo utasema wameshuka.

Lakini mhunzi yeyote atakuambia chuma si jina lake tu. Chuma kizuri kikichomwa vibaya ama kitapinda ama kitafanya mapengo. Cha kawaida kikikazwa barabara kwa moto kitakushangaza. Buck walimpata Paul Bos, bingwa wa kazi hiyo, na 420HC yao inakaa na makali kuliko ya wengi wanaotumia chuma hichohicho. Tena hunoleka kwa urahisi kuliko 440C ya zamani, ambayo ilikuwa mateso kwa mtu mwenye kinoo cha kawaida. Kiwanda kilihama California kwenda Post Falls, Idaho, mwaka 2005, na familia ingali ndani. Kwa hiyo jibu langu: kimebadilika, hakijaharibika.

Nimekishusha hadi nafasi ya tatu kwa sababu ya uzito. Kina takriban gramu 200, kwenye suruali nyepesi kinaning'inia kama jiwe. Kinafaa mkanda wa mwindaji au mfugaji kuliko mfuko wa karani. Na angalia unachouziwa: baadhi ya modeli za bei nafuu za Buck hutengenezwa China, na bapa lenyewe hulisema hilo.

4. Okapi

Kisu hiki chenye jina la mnyama wa misitu ya Ituri, Congo, kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, wakati Tanganyika nayo ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Utakijua kwa mwezi na nyota kwenye mpini, na aina maarufu ina pete mgongoni unayoivuta ili bapa likunjike.

Umaliziaji wake si wa kusifia, na bapa la kaboni litashika kutu usipolipaka mafuta. Ila bei ni ndogo na kazi kinafanya. Kwa shamba, sina neno baya.

5. Schrade Old Timer

Hapa wazee wamesema kweli. Kiwanda cha Imperial Schrade cha Ellenville, New York, kilifungwa mwaka 2004. Jina likanunuliwa, na visu vikaanza kutoka China, kwa chuma kingine na mikono mingine. Kilichobaki kwenye boksi ni jina. Kuuzwa peke yake hakuui kisu: Case, watengenezaji wengine wa visu wa Marekani, waliuzwa kwa Zippo, watengenezaji wa viberiti vya petroli, mwaka 1993, lakini wote wawili wako mji mmoja, Bradford, Pennsylvania, na kazi iliendelea palepale. Schrade ilipoteza kiwanda.

Ukiitaka, tafuta ya mtumba ya kabla ya 2004 yenye maandishi ya U.S.A. kwenye shina la bapa. Tazama bapa lisiwe limeliwa na kinoo mpaka likawa jembamba kama sindano.

Kisu chochote utakachochagua, kishike kabla ya kulipa. Kama kina springi (Opinel haina), kifungue polepole usikilize: springi nzima hugonga "ta!" mara moja, haiburuzi. Shika ncha utikise kushoto na kulia. Bapa likicheza likiwa jipya, litacheza zaidi baadaye. Kielekeze kwenye mwanga uone kama bapa limekaa katikati ya mpini. Soma kila herufi iliyochongwa, maana feki nyingi hukosea jina au huligonga upandeupande. Muuzaji akikukataza kukifungua, kirudishe mezani uondoke.