Kano ya kisigino: mazoezi ya ngazini au mawimbi ya sauti?
Kila msimu wa kupanda Kilimanjaro, wapagazi wenye maumivu ya kano hii, inayounganisha msuli wa nyuma ya mguu na kisigino, hurudi Moshi na swali hili, wengine wakishuka kwenye daladala kwa kuchechemea. Kwa gharama, mazoezi yanashinda: simama ukingoni mwa ngazi, shusha kisigino polepole mara 15, seti 3, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Hizo wiki 12 ndizo zinazowashinda wengi, na ninawaelewa. Mawimbi, yaani mashine ya kliniki inayopiga mapigo ya sauti kwenye kano, huchukua vikao 3 hadi 5, kimoja kwa wiki. Yanauma kidogo na kila kikao kinalipiwa. Mjamzito na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda wayaepuke. Una subira? Anza na ngazi. Miezi 3 ikipita bila nafuu, ongeza mawimbi, ila mazoezi usiyaache.