Kubadilisha rejeta ya hita nyumbani Tabora: trei ya mayai, pampu ya baiskeli na siku mbili za kazi

Harufu ndiyo iliyotangulia. Mimi nanunua asali kwa warina wa Sikonge na Urambo na kuileta Tabora mjini, kwa hiyo gari langu kunukia utamutamu si jambo la kunishtua. Mwezi wa pili mwaka jana, mvua zikiwa kali, kila nikiwasha feni harufu ile inanijia, nikajua kuna ndoo imevuja. Nikashusha mzigo wote na kufunua kapeti la upande wa abiria. Lilikuwa limelowa chapachapa. Nikapitisha vidole. Asali inanata, hiki kilikuwa kinateleza kama mafuta, tena cha kijani. Kulanti, yale maji ya dawa ya kupozea injini.

Siku hizohizo kioo cha mbele kilikuwa kimeanza kufunga utando kwa ndani. Nikifuta kwa kitambaa unasambaa tu, na usiku taa za lori linalokuja zinatawanyika kwenye kioo kizima hadi sioni ukingo wa barabara. Sikuwa nimeunganisha mambo hayo mawili. Kumbe ni ugonjwa mmoja: rejeta ya hita imetoboka.

Kwa asiyeijua, ni rejeta ndogo, kama kitabu kinene, imejificha nyuma ya dashibodi. Maji ya moto ya injini hupita ndani yake, feni inapuliza hewa kwenye mapezi yake, na hilo ndilo joto unalolipata ndani ya gari. Ikitoboka, maji ya injini yanamwagika miguuni pako na mvuke wake unaganda kwenye kioo.

Fundi wa kwanza aliniambia, “Mama, Tabora hita ya nini? Tuiruke tu.” Akafungua mipira miwili inayoingia kwenye hita, akaiunganisha kwa kipande cha bomba, robo saa kazi imekwisha. Simlaumu, ukiwa porini hiyo ndiyo njia ya kukufikisha nyumbani. Ila nilikaa hivyo miezi mitano na sitarudia. Watu wanaiona Tabora ni joto tupu, lakini mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na anayetoka saa kumi alfajiri mwezi wa saba anaijua baridi yake, nyuzi 15 hivi. Baridi naivumilia kwa sweta na kitenge. Kioo hakivumiliki. Mvua inanyesha, mko watu watano ndani, ukungu unapanda, nawe unaendesha mkono mmoja, mwingine unafuta. Wapo watakaosema washa AC. Ni kweli AC inakausha hewa, lakini ukiielekeza kwenye kioo muda mrefu inakipoza, ukungu unahamia upande wa nje. AC na joto vikifanya kazi pamoja ndipo kioo kinatakata upesi.

Nikaamua kuibadilisha. Gari ni RAV4 ya zamani, ya milango mitano. Mjini nilipata rejeta kuukuu tu, nikaagiza mpya ya alumini Dar es Salaam, shilingi 95,000, ikaja kwa basi. Fundi alitaka 180,000 za mkono kwa sababu dashibodi nzima lazima itoke. Mdogo wangu ni fundi umeme wa majumbani, na alikuwa likizo. Akasema, “Dada, bisibisi ninazo, tuifanye wenyewe chini ya mwembe.”

Sasa hapa ndipo nawaomba mnisikilize vizuri: usifunge rejeta mpya bila kuipima. Kurudia kazi hii kwa sababu ya tundu la sindano kunatia uchungu usioelezeka. Tuliziba bomba moja kwa kipande cha mpira na boliti, bomba la pili tukalivalisha mpira wenye valvu ya tyubu ya baiskeli, tukajaza upepo 15 (psi) kwa pampu. Kifuniko cha rejeta kubwa ya gari langu kimeandikwa 0.9, hiyo ni kwa kipimo cha bar, yaani mfumo ukiwa wa moto unabeba upepo kama 13, kwa hiyo 15 inatosha, usipitilize. Tukaizamisha kwenye ndoo ya maji. Sekunde kadhaa kimya. Halafu kwenye kona, pale tangi linapoungana na mapezi, ukatoka uzi mwembamba wa mapovu, kimoja nyuma ya kingine, bila kukatika. Mpya kabisa, ndiyo kwanza imetoka kwenye boksi.

Muuzaji alinizungusha wiki nzima, akidai tumeitoboa wenyewe. Nilimtumia video ya mapovu, akakubali kubadilisha, lakini nauli ya kwenda na kurudi nililipa mimi. Hilo halikuwa haki na bado linaniuma. Ya pili tuliipima vilevile, ikakaa saa nzima ndani ya ndoo bila povu hata moja.

Kazi yenyewe ilichukua Jumamosi na Jumapili. Tulitoa waya hasi wa betri kwanza, kwa sababu ya mifuko ya hewa ya usukani na ya abiria, isije ikafumuka. Toyota inataka usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote. Sisi tulikunywa chai kabisa. Maji tuliyamwaga injini ikiwa baridi. Skrubu ziliingia kwenye trei ya mayai, kila shimo limeandikwa kwa kalamu zimetoka wapi, na kila soketi ya umeme ilipigwa picha kabla ya kuchomolewa. Bila trei ile sijui tungeishia wapi, maana skrubu zinafanana na urefu wake unatofautiana. Kwetu boksi la AC halikuhitaji kufunguliwa. Kama gari lako linalazimu kufungua mabomba ya AC, mwite fundi wa AC aivute gesi kwanza.

Rejeta ya zamani ilipotoka tuliinamisha juu ya beseni, ikatema matope ya kutu rangi ya matofali. Kabla yangu gari hili lilinyweshwa maji ya bomba, kwa imani ileile kwamba kulanti ni ya nchi za barafu. Kulanti ina dawa za kuzuia kutu, na inachelewesha maji kuchemka. Basi tuliisafisha injini kwa mpira wa maji hadi ikaacha kutoa chai ya rangi. Kujaza tulitumia kulanti na maji ya betri, yale yasiyo na chumvichumvi, si asidi, nusu kwa nusu.

Oringi, zile pete za mpira za kuzibia maungio, zilizokuja na rejeta zilikuwa nyembamba kuliko za zamani. Nilizikataa, nikanunua nyingine mjini, nikazilowesha kwa kulanti kabla ya kuzipachika. Grisi ya kawaida usiiweke, inavimbisha mpira wa aina hiyo.

Kutoa hewa iliyonaswa kwenye njia za maji kulihitaji subira. Tulipandisha pua ya gari kwenye mwinuko, hita ikiwa kwenye joto la mwisho, kifuniko kimefunguliwa tangu injini ikiwa baridi, ikaunguruma hadi feni ya rejeta ikajiwasha, huku tunaongeza maji kila yanaposhuka. Mara ya kwanza hewa ya hita ilitoka vuguvugu. Mara ya tatu ikatoka moto kweli.

Kapeti tulilifua mara tatu. Maji yake tuliyafukia shimoni, mbali na kuku na mbwa, kwa sababu kulanti ni sumu na utamu wake unavuta wanyama na watoto. Hata ile iliyomwagika chini ya mwembe tuliifunika mchanga palepale. Kapeti hatukulirudisha kwa wiki moja, ili tone lolote lionekane kwenye bati.

Ni miezi minane sasa, na msimu wa mvua karibu wote umepita. Kioo kinatakata kabla sijafika lami. Klipu moja ya dashibodi ilivunjika, kwa hiyo kwenye barabara ya vumbi kuna mlio karibu na kisanduku cha mbele ya abiria. Rejeta ya pili naipa nyota nne, moja nimeibakiza kwa ajili ya zile oringi. Huduma ya muuzaji, mbili. Alfajiri ya leo kabla ya kwenda Urambo nilichungulia tangi la akiba la kulanti: bado iko kwenye alama ileile tuliyoiacha mwezi wa saba.